Sauti Iliyosimamisha Treni

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Mtaa huu wa Mafiga bila mimi hauamki. Jogoo wa jirani husubiri nikohoe kwanza ndipo awike. Sijisifu. Watu wameona.

Nimechemsha uji wa Dada Tatu, nikaupoza, nikampelekea. Amekunywa vijiko sita. Akasema kitu. Sikusikia. Nikainama mpaka sikio likagusa mdomo wake. Akarudia. Uji hauna sukari. Maneno matatu tu hayo, na jasho likamtoka kama mtu aliyepandisha mlima na mkungu wa ndizi kichwani.

Ni dada yangu mkubwa. Tangu kiharusi cha mwezi wa Ramadhani mkono wa kushoto umelegea, na sauti inakwisha kama mchele kwenye nyumba yenye wageni. Ndiyo maana nimemtoa kijijini Kinole, anakaa kwangu na binti yake Mwajuma, karibu na hospitali.

Daktari leo kasema akili yake nzima, ulimi mzima, ila pumzi ya kuisukuma sauti ndiyo haipo. Dawa hana. Tumtafutie kipaza sauti kidogo cha kubeba mwenyewe. Mwajuma akauliza vinauzwa wapi. Daktari akainua mabega.

Nikamwambia Mwajuma asihangaike, mjomba wake nipo. Mtu aliyesimamisha treni ya mabehewa kumi pale relini Kisaki kwa koo lake tu, atashindwa kununua sauti dukani?

Ukoo unakaa Jumapili ya tarehe 17.

Jumanne, 5 Oktoba

Leo sokoni nimeuza viatu jozi mbili tu. Mawazo.

Niandike jambo lenyewe lilivyo. Zamani nilipokuwa kibarua wa reli, nyapara wetu alitaka daftari liwe na tarehe, kazi na ajali. Nilitoka shule darasa la nne, lakini hayo matatu nayaweza.

Sisi Waluguru ardhi inapita kwa mama. Shamba la Kinole, lenye pilipili manga na mdalasini na chemchemi yake, lilikuwa la bibi, likawa la mama, sasa ni la Dada Tatu. Anataka limwendee Mwajuma. Lakini Hamisi, mtoto wa mama mdogo, amepata tajiri wa Dar. Tangu ruksa ya biashara ije kila mtu anatafuta viungo vya kupeleka nje. Hamisi anataka shamba lote akodishiwe huyo tajiri, na anatangaza kwamba Dada alishakubali. Dada anatikisa kichwa kukataa. Kutikisa kichwa si neno.

Mzee Kibwana, mkuu wa ukoo, hapindiki. Neno la shamba halitumwi. Mwenye shamba aseme kwa kinywa chake, na aliyekaa mwisho kabisa mlangoni asikie. Asiposikika, wazee wataamua wenyewe. Na hao wazee Hamisi ameshawapitia mmoja mmoja na bati za kuezekea.

Mimi ni mjomba. Harusi ya ukoo huu haifungwi mpaka nifungue mdomo. Misiba ni mimi. Ugomvi ni mimi. Kuna neno moja tu nisiloruhusiwa kumsemea mtu, na ndilo hilohilo Dada analolihitaji. Naumia.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimekwenda dukani kwa Firoz, yule Mhindi wa redio pale mjini. Siku hizi duka lake limejaa mpaka dari. Redio kaseti, pasi, saa zinazolia kama ndege. Miaka ile ya uhaba na foleni ungemkuta na kibiriti na sura ya huzuni.

Akanitolea viwili. Kimoja kisanduku kidogo, kina maiki ya kubana kwenye kola. Kingine kile kikubwa chenye mdomo kama tarumbeta, unakishika kwa mpini na kubonyeza kwa kidole, wanachotumia watu wa vyama vipya kwenye mikutano.

Kisanduku nikakidharau papo hapo. Kitu kama sahani ya sabuni kitabeba neno la ukoo? Nikashika hicho cha mpini. Nikatoka nacho barazani, nikasema halo, halo, huyu ni Mjomba Shabani wa Mafiga. Barabara nzima ikasimama. Mama mmoja akauliza chama gani hiki. Nikawaeleza habari ya Kisaki kidogo, ile treni ya mabehewa ishirini. Walipiga makofi.

Firoz hakupiga. Akasema, "Mzee Shabani, nani atatumia? Wewe ama mgonjwa?"

"Mgonjwa."

"Basi mlete mgonjwa. Sauti yako hata bila mashine inavunja kioo changu. Sasa mimi nitajuaje hii inamfaa yeye?"

Nikamwambia mgonjwa hazungushwi madukani wakati mjomba yupo. Nimenunua cha mpini. Nimeuza baiskeli. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani nikikisemea njiani ili betri zizoee.

Na nilitaka chenye mpini. Mwenye kushika mpini ndiye mwenye kujua lini kisemwe na lini kinyamaze. Nimeishia hapo.

Alhamisi, 7 Oktoba

Ajali.

Nimemkalisha Dada kwenye kiti, Mwajuma kamshika mgongo. Nikamwekea chombo mdomoni. Akasema. Ikatoka fuuu. Upepo. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Ikatoka FUUU, halafu mlio mkali wa kupasua masikio. Nikasogeza mbele, nikasogeza nyuma. Kidole chake hakina nguvu ya kubonyeza, kwa hiyo nabonyeza mimi. Nikibonyeza mimi, yeye pumzi imeshakwisha. Akivuta pumzi, mimi nimeshaachia. Tumefanya hivyo kama mara arobaini. Mashine ni nzima. Nikisema mimi, inanguruma. Akisema yeye, hakuna mtu ndani.

Halafu nikagusa kitufe chekundu cha pembeni. King'ora. Mtaa mzima umekuja mbio na marungu ukidhani mwizi.

Dada alicheka. Kicheko bila sauti, mabega tu. Halafu machozi. Sijui yalikuwa ya kicheko au ya nini. Sikuuliza. Nilitoka nje nikajifanya kuwashukuru watu kwa kuja.

Sina baiskeli. Sina sauti ya Dada. Nina king'ora.

Ijumaa, 8 Oktoba

Asubuhi amekuja Mwalimu Agnes wa nyumba ya tatu, mwalimu mstaafu, mtu wa Moshi. Amekuja kulalamika. King'ora kimemwangushia chungu cha maharage.

Sasa ajabu. Huyu mama nimemsalimia miezi miwili na sijawahi kugundua. Kiunoni ana mkanda, kwenye mkanda kuna kisanduku, waya mwembamba unapita nyuma ya shingo, na pembeni ya mdomo ana maiki ndogo kama punje ya karanga. Alikatwa kitu kooni. Akizima kile kisanduku, ni mnong'ono tu, kama Dada. Akiwasha, anakugombeza vizuri kabisa.

"Miezi miwili hujaona, Mzee Shabani?"

Nikasema nilidhani ni redio ya kusikilizia taarifa ya habari.

"Hukuona kwa sababu kila tukikutana unasema wewe."

Nikamwonyesha cha kwangu. Akakitazama kama anasahihisha daftari la mtoto mzito. Akasema mnong'ono hausafiri, maiki ndiyo iufuate, vidole viwili kutoka mdomoni, pembeni, ili pumzi isiipige. Mikono yote iwe huru. Na tena chombo cha namna hii hakichaguliwi na mnunuzi. Kinachaguliwa na koo la mgonjwa. Cha kwake aliletewa na mwanawe kutoka nje, na hata hicho alijaribu vitatu ndipo akapata.

Maneno ya Firoz hayohayo. Nimeyalipia baiskeli kuyasikia mara ya pili.

Amesema atatuazima kwa kikao kile kimoja tu. Bila hicho yeye mwenyewe ni bubu, hata maji hawezi kuagiza. Nimeshindwa namna ya kumshukuru. Nimempelekea maharage.

Jumatatu, 11 Oktoba

Nimepanda Kinole bila kumwambia mtu. Nilitaka kumwomba Mzee Kibwana aniruhusu niseme badala ya Dada, ikibidi. Nimemsalimia shikamoo, nikakaa, nikasema saa nzima. Nimeingiza Kurani, nimeingiza serikali, nimeingiza marehemu mama, nimeingiza Kisaki. Treni ya abiria mia tatu.

Akanisikiliza mpaka mwisho, mzee wa watu. Akatema ugoro. "Shabani, una sauti nzuri sana. Sasa niletee ya dada yako."

Nimeteremka mlima nikiwa mdogo kama pilipili.

Jumatano, 13 Oktoba

Umeme wa mgao. Hapa kwetu unakuja kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, siku nyingine hauji. Kisanduku cha Mwalimu hakitumii betri za dukani, kinachajiwa ukutani. Leo Mwalimu amekuja nacho, tumekijaribu kwa Dada.

Mwajuma ndiye aliyemvalisha. Mimi niliambiwa nikae kule. Maiki pembeni ya mdomo, vidole viwili. Dada mwenyewe akawasha kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Kidude chepesi, hata mtoto angekiweza. Akavuta pumzi.

"Mwajuma."

Basi. Jina tu. Lakini lilijaa chumba. Lina mkwaruzo, lakini ni yeye, ni Dada Tatu kabisa, yule wa Kinole aliyekuwa akisimama juu ya mgongo wa mlima na kutuita chakula, tukasikia ng'ambo ya bonde tukiwa tunaiba mafenesi. Mwajuma alipiga magoti akaweka uso mapajani mwa mama yake. Miezi saba hajaitwa jina lake na mtu huyo.

Halafu Dada akanigeukia. "Shabani. Sukari."

Tulicheka wote. Lakini baada ya kicheko alinitazama kwa muda. Kidole chake kilikuwa bado juu ya swichi. Chake, sio changu. Nikasema nina kazi sokoni. Nikaondoka.

Kuna jambo analijua Dada peke yake duniani. Nimekaa nalo miaka kama ishirini. Sasa ana mashine.

Ijumaa, 15 Oktoba

Naogopa. Sitaandika ninachoogopa.

Nimewaza kumwambia Mwalimu asihangaike kutuazima kisanduku, tumepata kingine. Nimefika mpaka mlangoni kwake. Alikuwa anaongea na muuza mkaa, anapunguza bei, mkono kiunoni, sauti imejaa uwanja. Nikarudi.

Mimi ni mtu mbaya? Sidhani. Ni mtu mwenye jina.

Jumamosi, 16 Oktoba

Kinole. Tumefika salama na Land Rover ibebayo machungwa. Dada tulimkalisha mbele na dereva. Umeme ulikatika juzi haukurudi, kwa hiyo kisanduku kimepata chaji nusu. Mwalimu alituonya alipotukabidhi: taa ikiwa kijani mnasema, ikiwa nyekundu mna dakika chache, halafu basi. Huko mlimani hakuna pa kuchaji.

Nimefanya kosa. Naandika kwa sababu daftari ni la ajali.

Nyuma ya gari tulikuwa na wachuuzi. Wakauliza nimepakata nini. Nikawaambia ni mtambo, haujawahi kuonekana Tanzania hii, mimi ndiye nimeagiza. Hawakuamini. Nikavaa. Nikawahutubia kutoka njia panda mpaka tulipoanza kupanda mlima. Nikawapa Kisaki yote, pamoja na nyati. Walifurahi sana, mmoja alinipa chungwa.

Tuliposhuka, taa ilikuwa nyekundu.

Mwajuma ameiona. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinivua tu ule mkanda kiunoni, taratibu, kama unavyomvua mtoto aliyejichafua. "Shikamoo Mjomba," akasema, akaingia nao ndani. Alikuwa ameshanisalimia asubuhi.

Lile chungwa nimelitupa.

Jumapili, 17 Oktoba

Nitaandika yote.

Kikao tumekaa nyumbani kwa Mzee Kibwana, saa nne asubuhi. Watu kama thelathini. Hamisi yupo, viatu vipya. Mzee ameezeka upya kwa bati, bati za nani kila mtu anajua. Mwisho kabisa mlangoni amekaa Maganga, seremala, Mnyamwezi aliyeoa hapa kijijini. Mtani wetu. Mtani huwekwa mlangoni makusudi, maana haoni aibu. Akisikia atasema amesikia, asiposikia atasema hivyo hivyo.

Kabla Mzee hajafungua mdomo, mvua ikaja. Juu ya bati. Hata mimi, Shabani, nilimwambia wa jirani kitu akanionyesha sikio. Tukakaa tunatazamana. Dada yuko kwenye kigoda, maiki pembeni ya mdomo, swichi imezimwa, kidole gumba kinasubiri. Hamisi anatazama dari na kutabasamu. Nilitamani nipande juu ya paa niizuie mvua kwa mgongo. Sikuwa na la kufanya. Maisha yangu yote nimekuwa na la kusema, leo nimekaa kama gunia.

Mvua ilikaa karibu saa nzima. Ikapungua. Mzee Kibwana akasema, "Bi Tatu, ukoo unasikiliza."

Dada akawasha. Taa nyekundu, inapepesa.

Akavuta pumzi nikaihesabu. "Shamba." Pumzi. "Ni la Mwajuma." Pumzi. "Sijamkubalia mtu. Mimi, Tatu, nimesema." Na akazima. Akili hiyo. Mimi ningeiacha inawaka.

Desturi ni kila mtu ajibu, kuanzia wa karibu. Nimesikia. Nimesikia. Nimesikia. Likapita chumbani kama kata ya maji. Hamisi alipofikiwa akatazama viatu vyake. Mzee akamwangalia. Hamisi akaviambia vile viatu, nimesikia. Likafika mlangoni.

Maganga akasimama. "Mimi Mnyamwezi, masikio yangu yamezoea ngoma, siyo minong'ono ya Waluguru." Akatuacha hapo kidogo, mshenzi yule, akifurahia. "Lakini nimesikia. Nimesikia mpaka jina la mtoto."

Vigelegele. Mwajuma alikuwa analia.

Imekwisha, nikasema moyoni. Lakini Maganga hakukaa.

"Bi Tatu, mtambo ungali unapumua? Nina swali la utani, na mtani hanyimwi. Huyu ndugu yako Shabani anatuchosha kila msiba na treni yake ya Kisaki. Mwaka juzi mabehewa kumi. Jana nasikia garini abiria mia tatu na nyati. Wewe ulikuwa kule ukimpikia. Haya, mbele ya ukoo: ni kweli huyu Mluguru mwenye mdomo kama beseni alisimamisha treni kwa sauti yake?"

Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote, jicho likiwa kwenye kidole cha Dada.

Dada akawasha. Nilisikia ule mlio mdogo. Taa ilikuwa inawaka na kuzimika. Alikuwa na maneno machache kama matone, na Mwajuma amekaa miguuni pake anangoja jina lake tena, kila mtu aliona hivyo. Dada akanitazama. Sio kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikirudi na suruali iliyochanika.

"Kweli," akasema. Pumzi ndefu. "Nilikuwepo."

Akafungua mdomo kwa neno jingine. Taa ikazimika.

Midomo ikaendelea kidogo bila sauti. Mwajuma akainama kuisoma. Mimi sikuweza kutazama.

Watu wamenipa mkono. Maganga mwenyewe amenipa mkono, akasema basi, ameshindwa.

Jumatano, 20 Oktoba

Mafiga. Nimerudi peke yangu. Dada amebaki Kinole, ameonyesha kwa mkono kwamba hatoki tena shambani kwake. Mwajuma anamwangalia.

Nimemrudishia Mwalimu Agnes kisanduku chake. Amechaji, amevaa, ameuliza habari. Nikamweleza kwa kifupi. Alishangaa kwa nini kwa kifupi.

Kwa Firoz nimekwenda pia. Amekubali kukichukua kile cha mpini, niongeze kidogo kidogo mpaka kisanduku cha Dada kipatikane. Nimemwambia safari hii kiende Kinole kwanza, Dada akijaribu akakikataa, kirudi. Amesema haya. Lakini kile cha maiki ya kola kimeshauzwa, na mzigo mpya haujulikani utafika lini, labda baada ya mwaka mpya. Kila nilipomwona Dada sauti ilikuwa imepungua. Sijui kama itabaki ya kukuza.

Leo nimeamka, jogoo alikuwa ameshawika zamani.

Nimetafuta chini ya kitanda daftari la Kisaki. Lipo, limeliwa na mchwa pembeni. Siku ile nimeandika kwa mkono wangu, tarehe, kazi, ajali. Kazi: kushika bendera nyekundu pale mvua ilipolibeba tuta la reli. Ajali: nyati amenifukuza, bendera imeanguka, nimesimamisha treni kwa sauti.

Haikuwa treni. Kilikuwa kiberenge, kigari kidogo cha kukagulia reli, na watu wanne. Mimi nilikuwa juu ya mkuyu. Aliyesimama kwenye tuta na kuita ni Dada Tatu, aliyekuwa ameniletea chakula, akaita kama tulivyozoea kuitana mlimani, mpaka wale watu wakafunga breki.

Na nyati sikumwona. Nilisikia majani.